Kadi Niliyoifuta

SEHEMU YA NNE

Walioanza nami tangu mwanzo wanajua nilikotoka, na nadhani wengine wameshanichoka. Wewe uliyefungua gazeti leo kwa bahati mbaya, sogea nikufupishie, kisha uungane na wenzako kunitukana.

Mimi ni mpiga picha za harusi na za pasipoti. Miaka kumi na minne nawaambia watu "inua kidevu, usicheke." Ndiyo maana wananiita Pasipoti. Lakini kila Alhamisi saa kumi alasiri nilikuwa nafunga studio yangu, nakwenda ukumbi wa maktaba kusikiliza Mihadhara ya Alhamisi. Pale wanakuja wapanda milima, wapiga picha za ndege, watu wa filamu za chini ya bahari. Wanaonyesha walichokiona, ukumbi unapiga makofi. Mimi nakaa viti vya nyuma, wivu umenijaa mpaka kooni.

Popo akanionea huruma. Popo ni mtu wa mapango, na ndiye aliyepangiwa kufunga mihadhara ya mwaka huu. Yeye ananiita mdogo wangu, mke wake ananiita shemeji. Akanichukua safari yake ya mwisho nimpigie picha, na kwenye tangazo la mlangoni mwa maktaba wakaandika jina langu chini ya lake. Siku lilipobandikwa nililisoma mara sita. Mara mbili nilijifanya natafuta choo.

Jumamosi, Popo alirudi kambini ana tope mpaka masikioni, anacheka peke yake. Alikuwa amekwenda na kamera yangu.

"Mdogo wangu, nimepata mlango mpya," akasema. "Picha zaidi ya mia mbili zimo humu. Zitazame, kesho tunaingia."

Akachomoa kadi ya kamera, akaiweka kwenye kikasha changu, akaenda kulala.

Sasa sikiliza ujinga unavyoanza. Wapiga picha kila mmoja ana namna yake ya kupanga kadi. Mimi kadi iliyojaa naigeuza kifudifudi, na iliyo tupu inatazama juu. Popo ni kinyume: kwake kadi tupu imelala, na iliyojaa iko macho. Siku tisa tumekaa hema moja, tumebishana kuhusu chai, soksi na nani anakoroma zaidi. Hilo la kadi hatukulizungumza hata siku moja.

Jioni ile nikachukua kadi iliyotazama juu, nikaifuta bila kuiangalia kama nilivyozoea, nikapiga picha sita za jua linavyozama.

Nilipogundua kwamba nilizofuta ni picha za Popo, mwenyewe alikuwa usingizini. Nikajiambia nitamweleza asubuhi. Asubuhi nikakuta karatasi juu ya buti langu: "Nimetangulia mlango mpya. Nifuate. Njia utaiona kwenye picha."

Hakurudi. Usiku nikashuka mjini kumwarifu mke wake. Na waokoaji walipofika Jumatatu na kuniuliza ameingilia wapi, mimi mwenye jina kwenye tangazo nikawapa picha niliyompiga mwezi uliopita tulipokwenda kukagua njia. Popo na kofia yake nyekundu kwenye mlango wa kaskazini. Nikawaambia hiyo ndiyo ya mwisho.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa twende kwenye ile Alhamisi.

* * *

Mhadhara haukufutwa. Shemeji, mke wa Popo, alikataa katakata.

"Watu waje," alisema. "Waione picha ya mwisho ya mume wangu. Anayeijua milima ile aje atusaidie kutafuta."

Saa tisa na nusu nilipanda chumba cha mitambo, kile kichumba kilicho juu nyuma ya ukumbi chenye dirisha la kioo. Nikampa fundi mitambo flashi yenye picha. Ni mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Miaka yote ile ya mihadhara tulikuwa tunapungiana mkono tu.

"Pole sana, kaka," akaniambia.

"Nimeshapoa."

"Uso wako hausemi hivyo."

Akachomeka flashi. Picha ya Popo ikatokea kwenye kompyuta, kofia nyekundu, meno yote nje. Fundi akabonyeza hapa na pale kupima mwanga wa projekta. Akasogeza miwani.

"Kaka, hii ndiyo picha ya Jumamosi?"

"Ndiyo."

"Mbona hapa panasomeka tarehe kumi na nne ya mwezi uliopita?"

Nikamwambia saa ya kamera ina matatizo.

"Saa ya kamera yako inakosea mwezi mzima?"

"Ni ya zamani."

"Na hizi nyingine sita za machweo, ulizoziweka humu humu? Hizo zina tarehe ya Jumamosi. Sawasawa kabisa."

Picha sita za machweo. Nilizinakili zote kwa pamoja bila kufikiri. Hata uongo unataka akili, na mimi yangu ilikuwa imeniaga tangu Jumapili.

Fundi aliinuka akafunga mlango. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Niambie."

Nikamwambia yote: kadi, hema, karatasi juu ya buti. Nililia kama mtoto aliyepotezwa sokoni. Nikamweleza na hesabu yangu, ile iliyonifanya nifunge mdomo siku nne nzima: nikisema ukweli watajua mimi ni mwongo, na bado hawatajua Popo yuko wapi. Njia ilikuwa kwenye picha na picha hazipo. Ukweli wangu utamsaidia nani?

Fundi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Baada ya kuifuta, ulipiga picha ngapi juu yake?"

"Hizo sita."

"Sita tu?"

"Sita tu. Sikuigusa tena."

"Sasa unalia nini?" Akanishika bega. "Kuifuta kadi siyo kuziondoa picha. Ni kama kubandua namba mlangoni, chumba bado kipo na vitu vyote ndani. Picha hupotea pale unapopiga nyingine juu yake. Wewe umepiga sita. Mia mbili na kitu bado zimo."

Nilimkodolea macho.

"Umepiga picha miaka kumi na minne hujui hilo?"

"Sijawahi kufuta kadi kimakosa," nikasema. Na ilikuwa kweli. Nilikuwa najisifia hilo kwa kila mtu. Asiyewahi kukosea hajui hata pa kuanzia siku anapokosea.

"Kadi iko wapi?"

Kadi ilikuwa kwenye begi langu, ndani ya kikasha. Siku ile ya kugundua niliirudisha vile vile alivyoiweka Popo, imetazama juu. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilijidanganya kwamba nikiiweka alivyoiacha, itakuwa kama sijaigusa.

Nikafungua begi, nikafungua kikasha.

Kadi saba zilizolala kifudifudi. Ya nane haikuwepo.

Nikamwaga begi zima mezani. Betri, kitambaa, daftari, nusu pakiti ya biskuti. Kadi haipo.

"Nani mwingine ameshika begi hili?" fundi akauliza.

Jibu lilikuwa mbele yetu, upande wa pili wa kioo. Ukumbi ulikuwa umejaa, watu mia tatu, wengine wamesimama ukutani. Katikati ya njia alisimama dada wa filamu na kamera yake juu ya miguu mitatu. Yeye ndiye aliyekuwa anatengeneza filamu ya msafara. Alifika Jumanne kurekodi msako. Zamani tulifanya naye harusi nyingi, yeye video mimi picha, na ananiheshimu kama kaka. Saa tisa, pale mlangoni, alikuwa ameniambia kitu nami nikaitikia tu bila kusikiliza. Sasa kikanirudia neno kwa neno.

"Kaka, kadi zangu zote zimejaa. Nimechukua yako moja, ile iliyotazama juu."

Anaijua namna yangu ya kupanga kadi. Nilimfundisha mwenyewe.

Taa nyekundu ya kamera yake ilikuwa inawaka.

"Ameanza lini kurekodi?" nikamuuliza fundi.

"Tangu milango ilipofunguliwa. Robo saa, dakika ishirini." Akaitazama taa ile. "Kaka, video inakula nafasi vibaya sana. Kila dakika inayopita pale..."

Sikumsubiri amalize.

* * *

Ngazi zile zina vipago kumi na vinane. Sijui nilivikanyaga vingapi.

Jukwaani alikuwa Shemeji. Amefunga kitambaa cheupe kichwani, ameshika kipaza sauti kwa mikono yote miwili. Pembeni yake alikaa mkuu wa waokoaji, tunayemwita Kamanda, bado ana buti za matope. Alishuka mlimani kwa saa chache tu kuja kuomba watu wa kujitolea.

Nikapita katikati ya viti nimeinama kama mtu aliyechelewa ibada. Nikamfikia dada wa filamu.

"Zima," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa bila kunitazama.

"Dada, zima kamera. Nakuomba."

"Kaka, mke wa mtu anaongea. Subiri dakika tano."

Dakika tano zingezila picha zote.

Shemeji alikuwa anasema, "...na kabla sijaendelea, yupo mtu lazima nimshukuru. Bila yeye waokoaji wasingejua hata pa kuanzia. Shemeji yangu, Pasipoti, ndiye aliyetupa picha ya mwisho ya mume wangu. Nimemwona hapo katikati. Shemeji, simama wakuone."

Ukumbi ukapiga makofi.

Miaka yote ya viti vya nyuma niliyatamani makofi yale. Siku hiyo yalinipiga kama mawe. Na taa nyekundu ilikuwa inawaka, na dada wa filamu, kwa upendo kabisa, akaigeuza kamera inirekodi mimi nikipigiwa makofi. Nilikuwa namfuta Popo mara ya pili, safari hii watu mia tatu wakinishangilia.

Nikaidaka kamera. Dada akaidaka upande wa pili.

"Umechanganyikiwa?"

"Niachie!"

"Kaka, utaivunja!"

Makofi yakakatika. Mwanamume mmoja wa mstari wa mbele akainuka anishike. Mama wa maktaba, mwandalizi wa mihadhara, akaja mbio huku amevua kiatu kimoja, sijui kwa nini. Wakanishika mikono.

"Mwacheni," Shemeji akasema kwenye kipaza sauti. "Ana uchungu. Ndugu yake amepotea."

Hata hapo alikuwa ananitetea. Kama angenitukana ingekuwa nafuu.

"Shemeji," nikapaza sauti, "picha ile siyo ya Jumamosi! Ni ya mwezi jana!"

Mama wa maktaba akaniachia mkono.

"Picha za Jumamosi nilizifuta. Kwa makosa. Nikaogopa kusema. Nimewadanganya. Lakini zimo, bado zimo, zimo kwenye kadi iliyo ndani ya kamera hii, na kila inavyorekodi inazila. Mwambieni azime! Nipigeni baadaye, nifungeni, nifanyeni mnavyotaka, ila mwambieni azime!"

Dada wa filamu akanitazama usoni. Kisha akabonyeza. Taa nyekundu ikazimika.

Aliichomoa kadi, akampa fundi, aliyekuwa ameshanifuata mbio mpaka pale. Fundi akaondoka nayo ameifumba kiganjani.

Kamanda alikuwa amesimama.

"Wewe," akaniambia, "watu wangu arobaini na mbili wako mlango wa kaskazini. Siku nne. Wanachimba kwa mikono."

"Najua."

"Unajua?"

"Najua, Kamanda."

Alishuka jukwaani anakuja kwangu, na nilitaka afike. Shemeji alimwahi. Akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akanitazama kama vile anatafuta ni wapi pa kuanzia. Sikupata kofi nililolisubiri.

"Jumapili usiku ulikuja kwangu," akasema polepole. "Ukala. Ukabeba watoto wangu. Ukaniambia, shemeji, usijali, picha itatuonyesha alipo."

"Ndiyo."

"Ulijua hakuna picha."

"Ndiyo, shemeji."

"Usiniite hivyo."

Akanigeuzia mgongo.

* * *

Fundi alitumia dakika kumi na moja. Hakuna aliyetoka ukumbini. Watu walikaa wakitazama ukuta mweupe, na mimi nilisimama kwenye njia katikati yao, hakuna anayenigusa, hakuna anayeniambia kaa.

Sauti ya fundi ikaja kupitia spika.

"Video na zile za machweo zimekula karibu zote kuanzia mwanzo. Zimebaki tisa za mwisho. Nazitoa."

Picha ya kwanza ikajaa ukutani. Jiwe tupu. Ya pili, jiwe na mizizi. Ya tatu, buti la Popo, alibonyeza kwa bahati mbaya. Mtu mmoja nyuma akacheka, akajizuia. Ya nne ikaja nusu, chini yake rangi ya kijivu tu. Ya tano vile vile.

Ya sita ilikuwa nzima.

Mwamba mkubwa umeegemea mwenzake. Chini yake tundu jeusi, la kupita mtu mmoja akijipinda. Mbele ya tundu Popo ameweka kofia yake nyekundu, ili mtazamaji apate kukadiria ukubwa. Juu ya mwamba kuna mstari mweupe wa chokaa, umekwenda mshazari kama mshono.

Ukumbi mzima ulitoa pumzi. Nilijawa na furaha. Furaha, ndiyo, nakiri. Nikajiambia Popo yu hai, siku tano na maji mapangoni hayakosekani, tutamtoa, atanipiga, atanisamehe.

"Rudisha hiyo," Kamanda akasema. Picha ya saba ilikuwa imeshaingia.

Ikarudi ya sita. Kamanda akausogelea ukuta mpaka kivuli chake kikafunika nusu ya mwamba.

"Mlango huu naujua," akasema.

Shemeji akashika mkono wake. "Uko wapi? Ni mbali? Tunaweza kufika kabla jua halijazama?"

Kamanda aliendelea kuukodolea macho mwamba.

"Baba, nakuuliza. Uko wapi?"

"Upande wa kusini." Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Mama, watu wa kujitolea walikuwa wengi. Wengine wageni, hawajui mapango. Tukaogopa wasije wakapotea na wao. Jumanne nikaamuru milango yote midogo ya kusini izibwe. Mbao, halafu mawe. Picha ilituambia hayuko huko."

"Mmeziba?"

"Tulimulika kwanza. Tuliita. Hakuna aliyeitika."

Kamanda alivua kofia yake, akaikunja mkononi, na niliona kuna jambo lingine linalomkaba.

"Jana mchana mlinzi wa upande ule aliniambia anasikia kitu kinagonga nyuma ya mbao. Kinagonga, kinanyamaza, kinagonga." Akajifuta mdomo. "Nilimwambia ni matone ya maji."

Mtu alianza kulia kwa sauti viti vya mbele. Shemeji akanyoosha mkono.

"Piga simu."

Kamanda akapiga. Shemeji akaichukua ile simu kutoka sikioni mwake, akaiweka kwenye sauti ya nje, akaisogeza kwenye kipaza sauti. Ikaita ukumbi mzima. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu ikapokelewa, na upepo wa mlimani ukatuvumia kutoka kwenye spika.

"Kamanda?" Ilikuwa sauti ya mlinzi.

"Uko wapi?"

"Hapa hapa kusini, kwenye mbao."

"Weka sikio. Niambie kama bado kinagonga."

Tukasikia hatua kwenye changarawe. Tukasikia jiwe likiviringika, kisha nguo ikikwaruza mbao. Watu mia tatu hatukukohoa. Nilikuwa nimejifumba mdomo kwa viganja vyote viwili nikiomba kigonge, kigonge mara moja tu, hata kidogo.

"Kamanda," sauti ikasema.

"Sema."

"Leo tangu asubuhi kimya. Hakuna kinachogonga."

Shemeji akaivuta simu mpaka mdomoni.

"Bomoeni," akasema. "Mnasubiri nini? Bomoeni!"